Sarafu ya Mji wa Theluji

Usiku ule nilijilaza nikijua kabisa kwamba nimemfanyia mama yangu uhuni. Sarafu yake ya fedha ilikuwa kwenye karakana yangu ya usonara, ndani ya chungu cha kuyeyushia, ikingoja asubuhi. Binti yangu Saumu anaolewa Jumapili, na fedha ya vikuku vyake ilinipungukia. Nikajiambia, mfa maji haishi kutapatapa.

Sarafu yenyewe aliituma kaka yangu Abdu, aliyekuwa akifagia theluji katika mji mmoja wa ughaibuni, mwaka ambao mji ule uliandaa michezo ya majira ya baridi. Upande mmoja mtu anaruka hewani, mbao ndefu miguuni. Upande wa pili milima na mnara wa mji. Kaka akafia huko, akazikwa huko. Mama, ambaye sasa haoni, kila Alhamisi baada ya magharibi huitoa kwenye pindo la kanga, akaweka kidole juu ya ule mnara na kumsomea mwanawe Fatiha. Hana kaburi jingine la kuzuru. Na mimi, fundi mzima, nikamkatia kibati cha ukubwa ule ule, nikakigonga kinundu mahali pa mnara, nikamfungia kwenye pindo. Alhamisi akakisomea. Astaghfirullah! Haoni, lakini nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Basi nikalala. Nikajiona karakanani, navukuta moto kwa mivukuto yangu ya ngozi. Sarafu haiyeyuki. Navukuta, jasho linanitoka, na kumbe theluji inaanguka juu ya makaa. Ukuta haupo tena. Niko chini ya ule mnara, mivukuto bado mikononi, na mbele yangu kilima cheupe kimejaa watu walioketi kimya, wananitazama. Mmoja anashuka akifagia. Kaka Abdu, na koti lake la kazi, ndevu zimeganda.

"Mwanaisha," anasema, "mbona umesimama? Vukuta."

Nataka kuacha, mikono hainisikii. Kila nikivukuta, mnara unalegea, unainama kama mshumaa. Milima inatiririka. Maji ya moto yananifika magotini, naye Kaka anafagia tu, taratibu.

"Kaka, nisamehe!" nikalia. "Nimekuvunjia kaburi lako!"

Akaacha kufagia. Akanikazia macho vile alivyozoea kunikazia nikidanganya utotoni.

"Mimi? Dua za mama zinanifika popote. Mimi hukuniibia kitu."

Akaelekeza kidole nyuma yangu. Nikageuka. Mama yuko peke yake katikati ya weupe ule, anapapasa chini kwa viganja vyote viwili, anapapasa, anaita jina la mwanawe, na hakuna anayemwitikia.

"Mwambie wewe," akasema Kaka. "Kabla hajagundua mwenyewe."

Nikashtuka, kinywa kikavu, shuka limelowa. Sikungoja adhana. Nikakimbilia karakanani, nikaitoa sarafu chunguni, nikavuka ua pekupeku hadi mlangoni kwa mama. Nikagonga.

"Nani?" akauliza.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa ndotoni. Ningeweza bado kusema nimekuja kumjulia hali.

"Mwizi wako, mama. Nifungulie."