Bi Kazija na Sufuria la Chaza

Kijiji kizima cha Makangale kitakwambia Bi Kazija ni mkaidi. Mwenyewe ukimwambia atakujibu, "Kwani ulikuwa hujui?"

Alianza kazi katika maabara moja ya uvuvi, Chake Chake, kazi yenyewe kuosha chupa. Siku moja mtaalamu alipotoka kwenda kuswali, Bi Kazija akainamia hadubini. Loo! Tone moja la maji ya bahari limejaa viumbe wanakwenda mbio! Basi akapagawa. Alirudi shule ilhali watoto wake wameshakuwa wakubwa, akasoma kwa ubishi, na aliponyimwa wavu wa kukusanyia vijidudu hivyo akajishonea wake kwa kitambaa cha shela. Baada ya miaka thelathini akawa wa kwanza kisiwani kuijua planktoni, yaani vijidudu hivyo vya baharini, aina kwa aina: ipi inalisha dagaa, ipi inatia sumu kwenye chaza.

Mwaka jana, siku ya maji makubwa ya bamvua, alivuta wavu, akatazama. Zile zenye sumu zimejaa tele. Akampigia simu mkubwa wake wa kazi, Bwana Haidar.

"Bi Kazija, peleka maji hayo yakapimwe bara, ungoje majibu. Wiki mbili tu. Usije ukatangaza ukatutia fedheha."

"Wiki mbili? Chaza zinaliwa leo!"

Tena zinaliwa kwa Rahma, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akimwoza binti yake Nahla. Bi Kazija alikuta sufuria kubwa linatokota uani.

"Epua, Rahma. Zina sumu hizo."

"Si nazipika, dada?"

"Moto hauitoi sumu hiyo."

Rahma akashika kiuno. "Leo, mbele ya wakwe zangu? Una karatasi ya serikali?"

"Sina."

"Basi tuachie harusi yetu."

Bi Kazija ndiye aliyemlea Rahma tangu mama yao alipofariki, na alijua wazi kwamba akiligusa sufuria lile amempoteza. Akajizungushia khanga mikononi, akalinyanyua, akalimwaga lote chini, wakwe wakitazama. Halafu akamiminia mafuta ya taa juu, asije mtu akaokota.

Harusi ililiwa wali mkavu. Hakuna aliyeumwa. Chupa za maji zilizopelekwa bara zilivunjika njiani, majibu hayakuja, na watu wakamcheka mpaka wakachoka. Rahma akakata mguu kwake. Iliuma, na bado inauma.

Juzi wakakutana msibani, na Rahma akashindwa kujizuia.

"Nani alikufa siku ile? Nitajie mmoja!"

"Hakuna."

"Umeona sasa?"

"Naona," alisema Bi Kazija. "Nahla yupo, mumewe yupo, na wewe upo hapa unanifokea. Nikiiona tena sumu ile namwaga tena, hata iwe harusi ya nani. Nifokee, mdogo wangu. Nifokee mpaka uzeeke."