Kuipangia Swichi Joto Lake, Namawala

Kilichonitoa Morogoro ni simu ya shangazi yangu, Mama Kalista, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima Namawala. Msimu uliopita mbegu yao ya mpunga ilipikwa ndani ya mashine ya kukaushia. Kwa macho ilikuwa nzuri tu, ila kitaluni haikuota. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wainunue mashine, basi lawama zote zikamwangukia. Tangu hapo alikuwa akikesha kando yake akitazama kipimajoto. Sasa walikuwa wamepata swichi ya joto ya kielektroniki, na hakuna aliyejua kuipanga.

“Ikipikwa tena, mwanangu, sina uso wa kwenda hata kwenye sala za jumuiya,” aliniambia.

Mikumi tuliiacha barabara kuu, basi likashika njia ya Kidatu. Miwa ikatupokea pande zote mbili, na wafanyakazi wa mashamba wakapanda na kushuka na lafudhi za mikoa yote. Wao walicheka, mimi nilikuwa na wasiwasi. Swichi za namna ile nimezipanga kwenye matangi ya maziwa. Mpunga wa mbegu, bado.

Ifakara nililala nyumba ya wageni ya Lumemo. Asubuhi nikachukua bodaboda, tukapita Idete kwa vumbi la kutosha kunibadilisha rangi.

Namawala nilimkuta shangazi kwenye banda la mashine, hatua chache kutoka nyumbani kwake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Umekonda. Haya, kifaa chako kile pale.”

Kifaa chenyewe ni kidogo, kina kioo cha namba, vitufe vitatu na njia mbili za kutoa amri. Njia ya kwanza niliipa kichomeo cha dizeli: kizime joto likifika nyuzi arobaini na mbili, kiwake tena likishuka hadi thelathini na nane. Niliipanga ili hata panya akikata waya, kichomeo kizime chenyewe. Njia ya pili niliipa king’ora, kwenye arobaini na tatu.

Masanja, mwendesha mashine, hakuridhika. “Fundi, kwa nini isiwake kwenye arobaini na moja? Mpunga utachelewa.”

“Itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka kichomeo kife.”

Alikubali kwa shingo upande. Tukawasha.

Mchana wingu likatanda. Uani kulikuwa na mpunga wa chakula umeanikwa, na watu wote wakatimka kwenda kuufunika kwa maturubai. Nami nikakimbia nao. Tukiwa huko, king’ora kikalia.

Shangazi alisimama na pembe ya turubai mkononi. “Ndiyo imepikwa?”

Nilijua nimekosea namba, na kwamba nimemwaibisha shangazi yangu mbele ya kijiji chake. Nilirudi bandani mbio. Kichomeo kilikuwa kimezima kama nilivyokiamuru, feni inazunguka, lakini mashine yenyewe siioni. Ilikuwa imefunikwa turubai gubigubi, chini ya paa la bati, na joto halina pa kutokea.

Tulilivuta turubai. Namba zikashuka taratibu, king’ora kikanyamaza, na kwenye thelathini na nane kichomeo kikawaka bila kuguswa na mtu. Nilikaa chini palepale kwenye magunia, nikacheka peke yangu.

“Nani kaifunika?” nikauliza.

Masanja na wanawake wawili wakatazamana. Shangazi ndiye aliyejibu: “Sisi wingu likija, mikono inafunika yenyewe. Hata msimu ule tuliifunika.”

Kesho yake niliondoka, huku shangazi akifunga punje kadhaa kwenye kitambaa kibichi kuona kama zitaota. Siku hizi, kabla sijagusa kitufe popote, huwauliza kwanza wenyeji wingu likija wanafanya nini.

Siku chache baada ya kuondoka Namawala, simu yake ilinikuta Morogoro asubuhi, nikiwa karakana.

“Zimeota,” alisema shangazi. Nyuma yake nilisikia mashine ikiunguruma.

“Uko bandani?”

“Niko kitandani, baba. Ndiyo naamka.”