Mchanga Chini ya Boga

Nikisikia harufu ya boga lililooza, ile harufu tamu inayokera koo, nakumbuka asubuhi ambayo hooyo, mama yangu, alibinua boga letu kubwa kuliko yote na mkono wake ukazama ndani. Juu liling'aa, chini lilikuwa uji wenye funza.

Tulikuwa wageni wa jembe. Ukame ulikuwa umemaliza ngamia wetu kule upande wa Bura, tukahamia Garissa, kando ya Mto Tana, na jirani yetu Mama Hadija akampa hooyo mbegu za maboga makubwa. Aabo, baba yangu, hakuyapenda. Aliutazama ule uji, akasema, "Msimu ujao yakioza tena, narudi kwenye mifugo. Binti atakwenda kwa mjomba wake kule Eldas achunge mbuzi."

Binti ni mimi. Nilikuwa darasa la nne, na ndiyo kwanza nimeanza kuelewa hesabu za kugawanya.

Msimu uliofuata likatokea boga moja lililonenepa mpaka nikilikumbatia mikono haikutani. Lililalia udongo mweusi wa mtoni, ule unaoshika maji. Hooyo alitandika nyasi kavu chini yake. Mchwa wakaja kama walioalikwa. Tukaweka kipande cha bati. Adhuhuri hata kuku hakuweza kukikanyaga. Gunia nalo likanywa umande, lisikauke hadi jioni.

"Chagua wewe," hooyo akaniambia, amechoka. "Macho yako bado mapya."

Niliwaangalia mbuzi wetu watatu waliosalia. Kila mvua ikikatika waliukimbia udongo mweusi, wakaenda kulala kwenye mchanga wa chengachenga wa laga, kijito kikavu nyuma ya boma. Nikapapasa walipolala: pakavu, maji yote yamezama. Nikaubeba mchanga ule kwa karai, safari saba, shingo ikinywea kama ya kobe. Mama Hadija na hooyo waliliinua boga taratibu, wakihofia kikonyo kisikatike, nami nikausukuma mchanga chini kwa viganja.

"Kumbe mbuzi ndio mabwana shamba wenu siku hizi?" aabo akacheka.

Kisha mvua ikanyesha siku tano mfululizo. Kila nikitoka shule nilipitia shambani kulinusa boga.

Siku ya kuvuna, hooyo alisema Bismillahi, akakata kikonyo, akasita. Ni aabo aliyepiga magoti kulibinua. Chini palikuwa pa manjano hafifu, pakavu, pamenata chembe za mchanga. Akapagonga kwa kidole. Pakalia kama ngoma. Akagonga tena.

"Alhamdulillahi," akasema, sauti ikimkatika, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye tope na kikoi chake safi. Mimi nililia.

Kwa miaka mingi niliamini aabo alikuwa adui wa maboga yetu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaielewa methali tuliyoikariri shuleni: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyetazama ngamia wake wakianguka mmoja mmoja huogopa kutumaini kitu kingine kinachoweza kufa. Jumatatu iliyofuata alinisindikiza hadi lango la shule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama pale mpaka kengele ikalia.