Kioo cha Maua Dirishani kwa Mama

Mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la tano. Tukabaki mimi na mama kwenye kibanda chenye dirisha moja la mbao. Baridi ya huku Umatengo unaijua, mwanangu. Ukifungua ubao unatetemeka, ukiufunga ni giza tupu. Nikachukua nailoni ya mfuko wa mbolea, nikaipigilia misumari. Mwanga ukaingia, mweupe kama uji, lakini njia hatukuiona.

Nakumbuka msimu ule wa miaka ya tisini, wanunuzi binafsi walipoanza kugombea kahawa yetu. Nilikuwa nimeshajenga nyumba ya matofali, kwa mikono hii. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, kutwa anakaa dirishani akichambua maharage. Nikashuka Mbinga mjini kununua kioo.

"Cheupe au cha maua?" mwenye duka akaniuliza. Cha maua ndicho kile chenye michoro. Mwanga kinapitisha, lakini mtu wa nje unamwona kivuli tu.

"Cha maua. Nina makochi mapya, sitaki kila mpita njia achungulie."

"Nani anashinda humo ndani?"

"Mama."

"Basi mpelekee cheupe, bwana. Mama atazame watu."

"Anayelipa ni mimi au wewe?" Kiburi nilikuwa nacho, sifichi.

Zamani, kule kibandani, majirani walimwona mama mlangoni, wakasimama kupiga soga. Kioo kilipowekwa, wakawa wanapita tu. Mama akiuliza, "Nani huyo?" kivuli kimeshaondoka. Jirani mmoja akanitania nje ya kanisa, "Siku hizi mama yako tunamsalimia kwa kubahatisha." Nikacheka.

Jioni mama akaniambia, "Baba, mchana nauona. Watu ndio siwaoni."

"Nitabadilisha msimu ujao, mama."

Msimu ujao ulimkuta kaburini.

Kioo nikabadilisha baada ya matanga. Kiti chake nakikalia mimi sasa. Naona njia yote hadi bondeni, na kila uso, lakini siku hizi watu wanapita kwa bodaboda, nazo hazisimami.

Mwanangu, ukimjengea mzee wako, usiridhike kwamba ndani kuna mwanga. Kaa kwanza kwenye kiti chake, utazame anachokiona yeye. Ukiona umekosea, rekebisha wiki hiyo hiyo. Mungu akujalie nyumba, na akujalie watu wa kusimama dirishani kwako.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba vitano, mibuni elfu mbili, ng'ombe watatu, mashine ya kukoboa mahindi, madirisha manane ya kioo cheupe, kiti cha mama, na kile kioo cha maua, kipo stoo, nimekiegemeza ukutani.