Aliyeitwa Fundi Nyumbani Kwetu

Nianze na ubaya wangu, maana wa kwake mpaka leo sijaupata. Nina roho ya kwa nini. Dada yangu akisifiwa, chakula hakinishuki.

Si dada wa tumbo moja. Mama yangu alipofariki baba alioa tena, na mama wa kambo akaingia nyumbani amemshika mkono huyu, mtoto wa miaka sita, kamasi zinamtoka. Kabla mwezi haujaisha mtoto huyo alikuwa amelala chini ya gari la baba akimpitishia spana. Gari lenyewe ni la milimani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Baba aliwaendeshea wapima ardhi miaka na miaka, kisha akalinunua lilipouzwa kama chakavu.

Leo dada anasimamia gereji ya idara ya maji. Madereva, watu wazima na ndevu zao, wanamsubiri kwenye benchi wameshika funguo kama wagonjwa wenye namba. Hapandishi sauti. Bisibisi ya kupimia umeme huichomeka kwenye kitambaa cha kichwani, akasahau, akaitafuta nusu saa nzima. Mimi nanyoosha bodi na kupiga rangi, na mtaa wote unaniita fundi. Baba haniiti. Kwake yeye kunyoosha bati ni kupiga kelele tu. Fundi ni anayeliamsha gari lililokufa. Dada alianza kuitwa Fundi akiwa na miaka kumi na miwili, na ndilo jina lake pale nyumbani. Nilitaka kitu kimoja: baba aniite hivyo mara moja tu, na dada awepo asikie.

Basi Jumamosi, baba akiwa amelala mchana, nikafungua boneti. Gari halikuwa na tatizo. Nilitaka tu liwake vizuri zaidi mpaka baba aulize nani kalishika. Nikafungua distributa, kile kikombe kinachogawa moto kwenye plagi, nikavipiga msasa vichuma viwili vya ndani vinavyogusana na kuachana. Kisha nikamalizia kama baba alivyotufundisha: unakata ukanda wa karatasi ya daftari, unaupitisha katikati ya vichuma, unavuta, na vumbi la msasa linatoka nao. Nikavuta, nikafunga, nikaenda kunawa kwa raha zangu.

Jumatatu asubuhi nilitakiwa kumpeleka baba hospitali ya macho. Haendeshi tena, lakini kuliwasha hamwachii mtu. Akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikazunguka, ikagoma kuwaka.

"Betri nzima hiyo," nikawahi kusema. "Mafuta hayafiki."

Nikachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, petroli ikaniogesha. Nikafungua plagi, zimelowa chapachapa. Mafuta yapo, basi moto ndio haupo. Nikasema ni koili, ile inayozalisha huo moto. Nikakimbia kwa jirani kuazima nyingine, nikaifunga, jasho linanitoka. Baba akapiga stata. Wapi!

"Mwite Fundi," akasema.

"Baba, nipe dakika kumi."

"Nimekupa saa nzima. Mwite."

Roho iliniuma. Nikapiga simu.

Dada akaja na pikipiki, ovaroli limepigwa pasi. Hakushika kifaa chochote. Kwanza aliuliza, kama anavyouliza kila siku kule gereji kwake: "Nani aliligusa mwisho?"

"Hakuna," nikajibu.

Akachukua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini. "Baba, piga stata." Hakuna cheche hata moja. Akafungua distributa, akainama. Nami nikainama pembeni yake, nikaona. Karatasi yangu ilikuwa imekatika wakati navuta. Kipande kama ukucha, kina mstari wa bluu wa daftari, kimebanwa katikati ya vile vichuma. Umeme hauwezi kupita kwenye karatasi.

Nikasubiri akiinue baba akione. Mimi ningekiinua. Ningekizungusha mtaa mzima.

Akakichomoa kwa kucha mbili, akakitia mfukoni. "Uchafu kidogo tu, Baba. Kaka alishamaliza, kilibaki hiki." Stata moja, gari likanguruma.

"Ahsante, Fundi," baba akasema. Mimi hata kuniangalia hakuniangalia.

Afadhali angenianika! Hata kunifichia aibu kumemfanya awe mbele yangu. Nikamfuata bombani alikokwenda kunawa.

"Unanionea huruma?" nikamwuliza. "Si ungesema!"

"Ningesema ili iweje?"

"Ili ajue! Ulikuja hapa na mfuko mmoja wa nguo, ukamchukua baba yangu mzimamzima."

Aliendelea kusugua grisi kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Siku ile niliyoliwasha gari mara ya kwanza," akasema, "wewe ulinuna, nakumbuka. Mimi nilikuwa nasubiri aseme mwanangu. Akasema fundi. Nikaona labda sijajua vya kutosha. Nikajifunza umeme. Nikajifunza dizeli. Kaka, nimejifunza vyote, sijui nimebakiza nini."

Jeuri nilikuwa nayo bado, na mdomo niliufungua.

Kule kwenye gari baba alikuwa amefungua mlango ahamie upande wa abiria. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani.

"Mwanangu," akaita, "njoo unishike, tutachelewa."

Tuligeuka wote wawili. Kisha dada akafunga bomba, akasogea kando, akanipisha.