Mchanga wa Ruziba Ndani ya Kadre

Rafiki yangu, mimi si mutu wa kushtuka ovyo. Nenda Asiatique, hapa Buja, uliza duka la vipuri la kona, lile refu, utaonyeshwa. Nililisimamisha kwa mikono hii, na shule niliipa mgongo nikiwa darasa la nne. Pikipiki za zamani ambazo wengine wanaziachia kuku walalie, mimi nazirudisha barabarani zikiwa na sura nzuri kuliko siku zilipotoka kiwandani. Sijisifu, nakupa habari tu. Lakini wiki iliyopita, hapa nyumbani Gihosha, nilikaa chini kwenye sakafu ya karakana yangu kama mtoto aliyepigwa kofi, nyundo mkononi.

Mbele yangu palikuwa na kadre, yaani mifupa ya pikipiki peke yake, bila injini wala magurudumu. Niliinunua kwa muuza vyuma chakavu. Bomba lake la chini lilikuwa limeliwa na kutu, nikalikata ili niweke jingine, kisha nikaligonga litoe uchafu. Kilichotoka si uchafu. Ni mchanga. Kwanza bonge moja lililoganda, halafu ukafuata uliobaki mkavu kabisa, shaa, juu ya viatu vyangu. Na katikati yake kichwa cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kidogo, cheusi kwa kuungua.

Mchanga ule niliujua. Nilishawahi kuula.

Wakati ule tulikaa Buyenzi, mimi, bibi yangu na mjomba, kitinda mimba wake. Mtaa wetu uliamka kwa nyundo. Kabla jua halijatoka vizuri ulisikia chuma kinalia hapa, kule msasa unakwaruza, na kwetu harufu ya mawese ikiingia mpaka chini ya shuka. Bibi alikuwa na kikaango kimoja kipana, cheusi, cha kukaangia ndagala, na hakuna aliyekigusa bila ruhusa. Mjomba alikuwa fundi. Alikuwa na pikipiki aliyokwenda nayo Ruziba, ufukweni mwa ziwa, kila asubuhi kuleta ndagala za bibi, na mchana akitengeneza za watu. Ujuzi wote nilio nao ulianzia pale, mimi nikizungusha gurudumu la baiskeli lililoendesha feni ya kupuliza makaa yake, moshi umenijaa machoni. Hakuna mtoto mtaani aliyelizungusha kama mimi. Hilo nalisema hata mbele ya hakimu.

Ramadhani moja mjomba aliingia mtaroni na pikipiki, bomba la chini likapinda vibaya. Akaamua kutengeneza jipya kutoka bomba la maji. Sasa, bomba ukilikunja tupu linakunjamana kama soksi. Lazima ulijaze mchanga, uzibe kwa vijiti huku na huku, ndipo ulipige moto na kulikunja. Na mchanga uwe mkavu, maana ukiwa na maji, ukipata moto, bomba linapasuka kama bomu. Mchanga alioleta kutoka Ruziba, ndani ya gunia la ndagala, ulikuwa umelowa.

"Mama, niazime kikaango."

"Cha kazi gani?"

"Nikaange mchanga."

"Toka hapa! Mutu anafunga mpaka akili inaruka?"

"Kidogo tu, mama. Nitakiosha."

"We? Hata miguu yako huoshi mpaka nikukimbize!"

Jirani wa ukuta alicheka mpaka akaja kuchungulia. Mwisho bibi alikitoa, akamsimamia mjomba na mwiko mkononi kana kwamba yeye ndiye mpishi wa ule mchanga, "geuza, usiunguze." Bomba likajazwa, mimi nikazungusha gurudumu, likawa jekundu, likakunjika vizuri ajabu. Mjomba akatoa kijiti kimoja, akaanza kumwaga. Alipofika nusu, adhana ya magharibi ikalia.

Unajua mtu aliyeshinda na makaa mchana kutwa bila tone la maji anavyoisikia adhana. Alirudisha kijiti, akatupa koleo, akakimbilia uji. Tukala tende, sambusa, ndagala na bugali. Alipomaliza, tumbo limejaa na moyo umetulia, akarudi akachomelea bomba kwenye kadre bila kukumbuka kwamba nusu ya mchanga ingali ndani.

Kesho yake pikipiki ilikata kona, ikasema shaa. Mtaa mzima ukapata sherehe. "Huyo anakuja na pwani yake!" Mafundi wenzake wakamwambia akate bomba amwage. Akakataa. "Hii imepikwa na mama," akasema, "haimwagwi." Na sisi nyumbani tulikula ndagala zenye mchanga mpaka mfungo ukaisha, kikaango kimegoma kutakata, bibi akituambia, "Tafuneni polepole, ziwa limo." Toka siku hiyo, ilipofika saa ya mjomba kurudi, bibi alikuwa anaweka mwiko chini na kuinua sikio. Akisikia shaa, ndipo anapakua.

Halafu ukaja mwaka wa vita. Mjomba alitoka kwenda Ruziba asubuhi kama kawaida, barabara ikafungwa nyuma yake. Sisi tulikimbia, nyumba ikaungua, tukarudi tukajenga upya. Yeye hakurudi. Watu wakamwambia bibi amsomee khitima apumzike. Akakataa. "Hamjaniletea mwili, hamjaniletea chuma. Mi nasubiri mchanga wangu." Alisubiri miaka, mwiko chini kila pikipiki ilipokata kona, mpaka tukamzika yeye. Mimi mwenyewe nilimwona ni mama mzee tu, uchungu umemzidi.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliinuka pale sakafuni, nikashuka mpaka kwa muuza vyuma.

"Ile kadre uliitoa wapi?"

"Eh, patron! Imekushinda? We si unasema hakuna chuma kinakushinda?"

"Uliitoa wapi, bwana!"

Akaacha kucheka. "Uvira. Mzee mumoja fundi, nyuma ya soko. Alikufa mwaka jana, watoto wake wakauza vyuma."

"Mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa, Buyenzi. Wavuvi walimuvusha na pikipiki yake wakati wa vita. Alikuwa anasema walimuambia nyumba yao iliungua na watu wote ndani. Kila Ramadhani anasomea mama yake khitima. Ukimuambia twende Buja ukatembee, anakuambia apana, mi siendi kuangalia kiwanja."

Uvira! Asubuhi ukisimama kibarazani kwangu, jua likipiga, unaona mabati yake yanang'aa ng'ambo ya ziwa. Mimi huyu Uvira naingia kama chumbani kwangu. Nimenunua vipuri nyuma ya lile soko, nimekula pale, nimegombana na watu pale kwa sauti hii yangu ambayo mtaa mzima unaisikia. Na mjomba wakati wote huo yuko pale, anamsomea khitima mwanamke aliyekaa jikoni Buyenzi na sikio juu, akimsubiri.

Jumamosi nitavuka kwa watoto wake. Ni binamu zangu, nami sijui hata sura zao. Sitaenda mikono mitupu. Niliufagia mchanga wote, punje kwa punje, nikaenda jikoni.

"Mama watoto, niazime kikaango."

"Cha nini?"

"Nikaange mchanga."

Alinitazama usoni, na kicheko kilichokuwa kinakuja kikarudi. Akanipa.

Nimeukausha, nimekunja bomba jipya, nimerudisha mchanga ndani na kile kichwa cha ndagala, nimechomelea. Nyumba yetu ya Buyenzi leo ni duka la simu, na ile nyundo ya asubuhi imezimwa na mashine. Hakuna aliyebaki mtaani wa kuujua mlio ule. Kadre ilipopoa niliinyanyua, nikaiinamisha upande mmoja.

Shaa.

Nikajikuta nimegeukia jikoni, nione nani ameweka mwiko chini. Mke wangu alikuwa anaendelea kukoroga.