Gari la Dada Linamisi

Nisikufiche, shemeji yangu ana kiburi. Mtu amekaa gereji miaka arobaini na mbili akiitwa Sikio, kwa sababu gari likikata kona tu yeye ameshajua linaumwa wapi, huyo utamwambia nini? Mimi ni fundi rangi. Tumechangia kiwanja kimoja tangu alipomwoa dada yangu, yeye upande wa injini, mimi upande wa bodi. Kwake mimi ni mpaka poda wa magari, na jina hilo nimeshalizoea.

Sasa huyo Sikio anakuwa kiziwi. Daktari alimwambia wazi kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto halimalizi mwaka. Pale gereji hakumwambia mtu ila mimi, na hata mimi aliniambia kwa kufoka, utadhani ni mimi niliyemwibia masikio. "Nimebakiza kazi moja tu," akasema. "Nataka nilisikie gari la dada yako likirudi nyumbani. Mara moja. Baada ya hapo haya masikio yaende yanakotaka."

Dada alikuwa mkunga, na gari lake lilikuwa dogo, la kijani, la zamani hata wakati ule. Jioni tulikuwa tukikaa jikoni kwao, mimi na Sikio, tunabishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Ghafla anakatiza maneno na kusimama kubandika maji ya chai. "Huyo anakuja," anasema. Mimi sijasikia kitu. Namwambia aache uongo. Dakika mbili baadaye geti linafunguka, dada anaingia amechoka, viatu mkononi, na chai iko tayari. Sijui kama nimewahi kuona mapenzi mengine ya namna hiyo. Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, gari likafunikwa turubai nyuma ya gereji, na hakuna aliyethubutu hata kuliegemea.

Kulifufua kulimchukua miezi saba. Aliishusha injini, akaifungua yote mezani, akaweka pistoni mpya na ringi mpya, valvu akazisaga kwa mkono. Mimi niliitafuta ile kijani. Nilichanganya rangi mara tisa ndipo nikaipata, na niseme ukweli, nililia. Bahati nzuri nilikuwa nimevaa barakoa ya kupulizia, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Siku ya kuwasha, injini ikawaka. Ila ilivyowaka, afadhali isingewaka. Ilimisi vibaya, moto unakatika-katika, gari zima likitetemeka kama mtu mwenye homa. Kabureta ikapiga chafya, bomba la moshi likatoa mipasuko mpaka mama wa duka la ng'ambo akafunga dirisha. Hiyo haikuwa sauti ya gari la dada hata kidogo.

Sikio akasema ni kabureta. Akaifungua, akaiosha, akairudisha. Vile vile. Akasema ni plagi, akaweka nyingine. Vile vile. Akapima nafasi za valvu, akazipima tena kesho yake, na keshokutwa akaifungua kabureta ile ile kwa mara ya nne. Wiki ya tatu ikaingia. Kila anayepita kiwanjani alikuwa na ushauri wake, hata mpeleka maji. Mimi nikawa namwangalia anavyoinamia injini, na nikaona anageuza shingo huku na huku kama anayetafuta mahali pa kusikilizia. Roho ikaniuma, na mimi roho ikiniuma huwa nakuwa mkali.

"Shemeji, wewe husikii," nikamwambia. "Acha kujifanya. Utaifungua hiyo kabureta mpaka iishe."

Nilidhani atanirushia spana. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. "Basi nisikilizie wewe," akasema. "Nikichomoa waya, niambie injini ikibadilika."

Akaiwasha. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini nusura izime, nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha imebadilika. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Hakuna kilichobadilika. Wa tatu, hakuna. Wa nne, nusura izime tena. Muda wote huo haangalii injini, ananiangalia mimi usoni.

"Plagi ya pili na ya tatu zimelala," nikamwambia, karibu na sikio la kushoto.

Akazima injini. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Moja, tatu, nne, mbili," akasema. "Nimezifunga waya kwa mazoea, shemeji. Magari yote yanayoingia humu, plagi zinapokea moto kwa zamu hiyo. Hili la dada yako halifuati hivyo. Lenyewe ni moja, mbili, nne, tatu."

Nilimkodolea macho. Kwa kosa hilo hilo amewafokea wanafunzi wake miaka na miaka, wengine sasa wana gereji zao na wajukuu juu. Nikamwambia huo upuuzi hata mpaka poda asingeufanya. Akanijibu kwamba mikono yake imezeeka vizuri kuliko akili yake, akabadilisha zile waya mbili, akawasha.

Ikatulia. Ilikuwa yenyewe kabisa, ile ngurumo nyembamba yenye kamluzi kwa mbali. Nilimwona dada. Sikio akanipa funguo, akaniambia nimpe muda wa kufika nyumbani, kisha nije nalo polepole. Yeye atakuwa jikoni.

Nikaendesha kama nimebeba mayai. Nikapita mtaa wa pili, nikakata kona, nikaingia getini na kuzima. Kulikuwa kimya. Nikaingia ndani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, dirisha limefunguliwa wazi, sikio la kushoto amelielekeza nje, macho amefumba. Hakugeuka. Nikamgusa bega, akashtuka.

"Mbona huendi kulichukua?" akauliza. "Nakungoja."

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kutoka, nizunguke mara tatu, nne, nipige honi. Nikashindwa, nikamwambia sikioni. "Nimeshalileta, shemeji. Liko nje."

Aliangalia dirisha. Kupitia pale, paa la kijani lilionekana. Aliliangalia sana, kisha akaniuliza taratibu, "Lilisikikaje?"

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaweka mdomo kwenye lile sikio, nikaanza kunguruma. Nikanguruma mtaa wa pili, nikanguruma kwenye kona, na kamluzi nikaweka. Nikafika getini nikapunguza, nikabadilisha gia, nikazima.

Alikuwa amefumba macho tena.

"Getini dada yako hakuwa anabadilisha gia," akasema. "Alikuwa anaingia na ya pili moja kwa moja. Rudia."